Kuanza Kikurukh: sauti, jinsia na vitenzi kwa aliyezoea Kiswahili

Kikurukh ni lugha ya Waoraon, watu wa nyanda za juu za Chota Nagpur mashariki ya India. Utaisikia Ranchi, Gumla, Lohardaga na Simdega katika jimbo la Jharkhand, Jashpur katika Chhattisgarh, Sundargarh katika Odisha, na kwenye mashamba ya chai ya Assam na kaskazini mwa Bengal, walikopelekwa vibarua enzi za ukoloni wa Waingereza. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu wasemaji karibu milioni 2. Wamezungukwa na Kisadri, ambacho ni jamaa ya Kihindi, na Kimundari na Kikharia, ambazo ni lugha za Kimunda. Kikurukh chenyewe ni Kidravidi: binamu wa Kitamil na Kitelugu walio mbali kusini, na ndugu wa Kimalto na wa Kibrahui cha Balochistan.

Mwongozo huu unaanza na mdomo, kisha unaingia kwenye kitenzi. Usiruke sehemu ya sauti. Sarufi yake mtu wa Kiswahili ataizoea mapema kuliko anavyodhani, lakini matamshi yakiharibika mwanzoni yanabomoa hiyo sarufi, kwa sababu maana nyingi zimebebwa na sauti moja tu mwishoni mwa neno.

Alama tutakazotumia

Kistari juu ya irabu (ā, ē, ī, ō, ū) ni urefu. Nukta chini ya herufi (ṭ, ḍ, ṇ, ṛ) ni ulimi uliokunjwa nyuma. Alama ya ' ni mkato wa pumzi kooni. c ni ch ya «chai», na x ni kh ya «kheri».

Hapo penye x ndipo mtego wa kwanza unapotegwa. Sisi tumezoea kuandika kh, gh, dh na th kwa sauti za mkwaruzo: kheri, ghali, dhahabu, thelathini. Katika maandishi ya Kikurukh, na ya lugha za India kwa jumla, herufi hizo ni k, g, d na t za kawaida zilizofuatwa na pumzi. Ukiona «jhan» au «dharam», weka d na j zako zilezile kisha sukuma pumzi, usikwaruze. Mkwaruzo wa kh ya kheri una herufi yake, nayo hapa ni x. Vitabu vya wamisionari vya mwanzo wa karne ya 20 viliutofautisha kwa kupiga mstari chini ya kh, na waliovinakili baadaye mara nyingi waliuacha mstari huo. Ndiyo maana utakuta neno lilelile limeandikwa kwa namna mbili tatu.

Sauti, kwa mpangilio wa kuzifanyia mazoezi

Anza na x, maana ipo kila mahali. Anayesema «sabalkheri» kwa kh kamili, kama watu wengi wa Unguja na Mombasa, anayo tayari. Wa bara ambaye husema «sabalheri» au «sabalkeri» afanye hivi: atamke k, lakini asiufunge kabisa mlango wa nyuma ya ulimi, aache upenyo mwembamba na kuuvuta mlio kwa sekunde nzima. Kisha ajaribu xann (jicho), xedd (mguu), xebdā (sikio). Sauti hii ndiyo inayokitambulisha Kikurukh mbele ya ndugu zake wa kusini: Kitamil husema kaṇ kwa jicho, na ile k huku imekuwa x. Si kila k iliyogeuka, lakini. Kichwa ni kukk, kwa k kavu pande zote mbili.

Kipimo cha kujua kama umefaulu ni neno la mkono, xekkhā. Ndani yake mna x mwanzoni na kkh, yaani k nzito yenye pumzi, katikati. Ukizitamka zote mbili kwa namna moja, rudi nyuma.

Pumzi yenyewe Mmvita anaijua bila kufundishwa, kwani kwake paa la nyumba na p'aa mnyama ni maneno mawili, na kaa la moto si k'aa wa baharini (katika maneno haya mawili ya Kimvita ' ni pumzi, si mkato wa koo). Wengine waweke kiganja mbele ya mdomo: kwa p, t na k za kawaida kiganja hakihisi kitu, kwa ph, th na kh kinapigwa na upepo. Zenye sauti, yaani bh, dh, gh na jh, ni ngumu zaidi kwa sababu pumzi inatoka huku koo bado linanguruma. Kosa la kawaida ni kuingiza irabu katikati, ikawa «buha» badala ya bha. Dawa ni kutamka polepole «ab-ha», kisha kuipunguza ile nafasi hadi ipotee.

Sasa t na ṭ. T ya Kiswahili sanifu hupigwa kwenye ufizi, na Kikurukh hakina sauti ya hapo. Kina t ya kwenye meno na ṭ ya ulimi uliokunjwa, moja mbele na nyingine nyuma ya tuliyoizoea. Ukitumia t yako ya Nairobi au Dodoma, masikio ya Kihindi huisikia kuwa ṭ, hata kama wewe ulikusudia t. Kwa hiyo sogeza zote: kwa t na d ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya juu, uione ikichungulia kwenye kioo, kwa ṭ na ḍ ikunje ncha kwenda nyuma ya ufizi, upande wake wa chini uguse paa la mdomo. Ṛ huanza palepale pa ṭ, lakini ulimi haukai: unapiga mara moja ukielekea mbele na kuanguka. Si r ya kutetemesha. Watu wa maeneo ambako r na l hubadilishana wawe waangalifu hapa, kwa kuwa Kikurukh kina r, ṛ na l, zote tatu ni sauti tofauti. Jaribu ēṛā, mbuzi.

Irabu ni tano zetu zilezile: a, e, i, o, u. Ila kila moja inaweza kuwa fupi au ndefu, na kila moja inaweza kupitia puani. Urefu ndio unaotuponza. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta irabu yake, nasi tunabeba tabia hiyo kwenda nayo kila lugha. Katika eṛpā (nyumba) irabu ndefu ni ya mwisho. Mtu wetu atasema «eerpa», kinyume kabisa. Jirekodi kwa simu, fungua sauti kwenye Praat, programu ya bure ya kuchunguza matamshi, na upime: ā yako iwe ndefu kwa wazi kuliko e.

Kwa irabu za puani, msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura aliyesoma Kifaransa anazo tayari. Wengine watamke «aa» ndefu, na katikati waache pumzi ipite puani bila kufunga mdomo wala kuleta n. Ziba pua kwa vidole: mlio ukibadilika, ni wa puani kweli. Jina la lugha yenyewe ni zoezi zuri, kwa kuwa wenyewe hulitamka kũṛux: u ya puani, ṛ ya kupiga mara moja, na x mwishoni. Tahajia ya Kurukh imeficha zote tatu.

Mkato wa koo tunao ingawa hatuuandiki. Ni ule unaosikika mtu anapokataa jambo kwa kusema «a'a!». Kikurukh huuweka ndani ya mizizi ya vitenzi, kama ci'nā (kutoa, kumpa mtu kitu), na ndani ya viambishi. Usiufanye h, na usiuruke.

La mwisho katika sauti, nalo ndilo linalochukua muda mrefu kuliko yote: maneno yanayoishia kwa konsonanti, tena mara nyingi nzito. Amm ni maji, cicc ni moto, mann ni mti, pall ni jino, xall ni shamba. Ulimi wa Kibantu hautulii mpaka uongeze irabu, tukaishia «ammu» na «palli». Hapa tatizo si lafudhi mbaya tu. Irabu ya mwisho katika Kikurukh mara nyingi ni kiambishi: barcas ni «alikuja (mwanamume)», barcā ni «alikuja (mwanamke, mnyama au kitu)». Ukimwongezea ālas (yule mwanamume) irabu i unakaribia ālasin, ambalo ni umbo la mtendwa. Zoezi: tamka amm, funga midomo, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo uifungue. Kwa cicc shikilia ulimi juu kabla ya kuachia.

Jinsia: mwanamke yuko wapi?

Aliyezoea ngeli hana haja ya kuelezwa kwamba nomino huamrisha kitenzi. Atakachojifunza ni mgawanyo mpya tu, nao una ukorofi wake.

Katika umoja kuna makundi mawili: wanaume upande mmoja, wanawake, wanyama na vitu upande wa pili. Katika wingi mpaka unahama: watu wote, wanaume kwa wanawake, wanakuwa kundi moja, na wanyama na vitu wanabaki peke yao.

Ālas bardas: mwanamume anakuja.
Mukkā bar'ī: mwanamke anakuja.
Allā bar'ī: mbwa anakuja.
Ālar barnar: wanaume wanakuja.
Mukkar barnar: wanawake wanakuja.
Allā guṭhī bar'ī: mbwa wanakuja.

Kosa la wanafunzi wa Kiswahili linatabirika. Kwetu mtu, mwanamke na mbwa wote ni a-/wa-, kwa hiyo wanasema «mukkā bardas». Tena hawaoni tatizo, kwani sentensi inasikika imekamilika. Angalia pia mstari wa mwisho: wingi wa wasio watu unabebwa na neno guṭhī, na kitenzi kinabaki cha umoja.

Ile -s ya ālas ina kazi mbili: inaonyesha uanaume, na inaonyesha kwamba ni mtu anayejulikana. Āl ni mwanamume fulani tu. Ālas ni yule tunayemzungumzia. Vivyo hivyo kukkos, yule mvulana. Mukkā na allā hazina kiambishi cha namna hiyo.

Viwakilishi vya nafsi ya tatu vinaifuata njia ileile: ās (yeye, mwanamume), ād (yeye mwanamke, au kitu), ār (wao, watu), abṛā (hivyo, hao wasio watu). Ukibadilisha irabu ya mwanzo unapata umbali: īs ni huyu, ās ni huyo, hūs ni yule wa mbali. Vilevile isan hapa, asan hapo, husan kule. Umbali wa ngazi tatu hatuhitaji kufundishwa.

Sisi ya namna mbili

Nafsi nyingine ni ēn (mimi), nīn (wewe), nīm (ninyi), na sisi mbili. Ēm ni sisi bila wewe unayeambiwa; nām ni sisi pamoja nawe. Emhai eṛpā ni nyumba yetu, wewe haikuhusu. Namhai eṛpā ni yetu sote tulio hapa. Kumwambia mwenyeji aliyekukaribisha chakula «ēm» pale unapotaka kusema tule pamoja ni kumtoa nje ya mazungumzo. Kabla ya kufungua mdomo jiulize swali moja: je, ninayemwambia yumo? Akiwemo, nām.

Kitenzi

Kiswahili hupanga nafsi, wakati, mzizi. Kikurukh hupanga mzizi, wakati, nafsi, yaani kinyume. Ni-li-kuja inakuwa bar-ck-an. Mzizi bar- ni «kuja», na kitenzi kamili hutajwa barnā.

Sasa: ēn bardan, nīn barday, ās bardas, ād bar'ī, ēm bardam, nām bardat, nīm bardar, ār barnar.

Uliopita: ēn barckan, nīn barckay, ās barcas, ād barcā, ēm barckam, nām barckat, nīm barckar, ār barcar.

Ujao: ēn baron, nīn baroy, ās baros, ād barō, ēm barom, nām barot, nīm baror, ār baror.

Kariri herufi za mwisho kwanza: n, y, s, irabu tupu, m, t, r, r. Ukizishika, nyakati zote tatu zinafunguka. Kisha tazama uliopita: nafsi ya kwanza na ya pili zina k (barckan), ya tatu haina (barcas). Wanafunzi huisambaza k hiyo kila mahali na kuunda «barckas», umbo lisilokuwapo.

Vitenzi vinavyotumika sana hugeuka mizizi katika wakati uliopita, na hakuna kanuni ya kukuokoa. Kānā (kwenda) ni ēn kērkan, ās kēras. Ērnā (kuona) ni ēn īrkan, ās īryas. Ci'nā ni ēn cickan, ās ciccas. Nannā (kufanya) ni ās nanjas. Jifunze kila kitenzi kwa maumbo matatu pamoja: la kutajia, la «mimi» wakati uliopita, na la «yeye» wakati uliopita.

Kwa jambo linaloendelea sasa hivi utasikia zaidi barā lagdan, «ndiyo naja», kuliko bardan.

Ukanushi ni mwepesi kuliko wetu. Sisi tunakibomoa kitenzi kizima, alikuja kikawa hakuja. Wao wanaweka malā mbele na kukiacha kitenzi kama kilivyo: ās malā barcas. Kukataza kunatumia ambā: kalā ni «nenda», ambā kalā ni «usiende». Amri ya kavukavu ni barā, «njoo»; ya upole huishia -kē, barkē, nayo ndiyo ya kumwambia mkubwa wako.

Nani anamwambia nani

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapotoka na Kikurukh cha ajabu bila kujua. Maumbo niliyotoa juu ni ya mwanamume akisema, au ya mwanamke akimwambia mwanamume. Wanawake wakiwa peke yao wana maumbo yao. Mwanamke akimwambia mwanamke mwenzake «naja» husema bar'en, si bardan. «Tunaja», bila yule anayeambiwa, ni bar'em, si bardam.

Nafsi ya pili inagawanyika zaidi. Anayeambiwa akiwa mwanamume ni barday. Mwanamume akimwambia mwanamke ni bardī. Mwanamke akimwambia mwanamke ni bardin.

Matokeo yake kwa mwanafunzi ni haya. Mwanamume anayejifunza kwa kuiga rekodi za wanawake wakipiga soga ataokota bar'en na kuzungumza kama mama mtu. Mwanafunzi wa kike mwenye mwalimu wa kiume atafundishwa bardan, naye akiingia jikoni kwa wanawake atasikika kama anayesoma barua ya serikali. Kwa hiyo, kila sentensi unayoiandika kwenye daftari iwekee alama mbili pembeni: jinsia ya msemaji na jinsia ya msikilizaji. Daftari lisilo na alama hizo halina faida baada ya wiki mbili, hutajua tena umbo lipi ni la nani. Na kama unaweza, tafuta walimu wawili, mwanamume na mwanamke.

Viambishi vya nomino na mpangilio wa sentensi

Kitenzi hukaa mwisho. Kiima kwanza, mtendwa katikati. Kivumishi na mmiliki hutangulia nomino: kohā eṛpā ni nyumba kubwa, ālasgahi eṛpā ni nyumba ya yule mwanamume. Kivumishi hakibadiliki kwa lolote, nasi tulioteswa na -zuri na -kubwa tupumue.

Viambishi vya kuanzia navyo ni vitano. -n au -in ni ya mtendwa: allan, ālasin. -gē ni «kwa, kwa ajili ya». -gahi ni umilikaji. -nū ni mahali: eṛpānū, nyumbani ndani, karibu kabisa na -ni yetu. -ntī au -tī ni kutoka: paddantī, kutoka kijijini.

Ālas eṛpānū allan īryas. Yule mwanamume alimwona mbwa nyumbani.
Ēn paddantī barckan. Nimetoka kijijini.
Ās barcas darā okkyas. Alikuja, akaketi.
Engāgē amm ci'ā. Nipe maji.

Katika sentensi ya mwisho amm haina -n. Vitu visivyo na uhai na visivyo mahususi mara nyingi huachwa bila kiambishi. Wenye uhai huwekewa. Fikiria tofauti ya «nimeona nyumba» na «nimemwona mtoto», utaielewa mara moja.

Viwakilishi vya nafsi hubadilika shina kabla ya kupokea kiambishi: ēn inakuwa eng- (enghai, -angu, engan, mimi nikitendwa, engāgē, kwangu), na nīn inakuwa ning- (ninghai, -ako). Njaa huelezwa kwa -gē: engāgē kīṛā laggī, njaa inanishika mimi, wala si mimi mwenye njaa. Hili nalo Mswahili halimshangazi, njaa yetu sisi huuma.

Maswali hayahamishi kitu, neno la kuuliza linakaa pale ambapo jibu lingekaa. Endr ni nini, nē ni nani, eksan ni wapi. Kwa nini ni endr gē, kipande kwa kipande sawa na chetu. Ninghai nāme endr? Jina lako nani?

Kuhesabu

Hadi nne, watu na vitu wana namba tofauti. Mbwa mmoja ni oṇṭā allā, mtu mmoja ni ort āl. Watu wawili ni irb ālar, watatu nubb ālar, wanne naib ālar. Kwa vitu tatu ni mūnd na nne ni nāx. Kuanzia tano namba ni za kuazima kutoka kwa majirani, pancē na kuendelea, na aliyejifunza Kihindi atazitambua.

Maandishi utakayokutana nayo

Mengi yameandikwa kwa Devanagari, herufi za Kihindi. X huandikwa ख़, yaani kha yenye nukta chini, lakini waandishi wengi huiacha nukta, na ukisoma bila kujua neno utaitamka k yenye pumzi. Kagua kila ख kwa kuilinganisha na orodha yako ya maneno uliyoyasikia kwa masikio. Mkato wa koo nao huandikwa na wengine, na wengine huuruka.

Tangu 1999 kuna pia Tolong Siki, mwandiko uliobuniwa na daktari wa tiba Narayan Oraon kwa ajili ya lugha hii, wenye alama ya kila sauti tuliyoitaja. Uliingizwa katika Unicode, mfumo wa kimataifa wa kuweka herufi kwenye kompyuta, toleo la 17 mwaka 2025. Faili za kabla ya hapo zilitegemea fonti zilizokalia nafasi za herufi za Kilatini, kwa hiyo ukinakili maandishi hayo na kuyabandika pengine unapata mchanganyiko wa herufi usiosomeka. Faili haijaharibika: tafuta fonti iliyotumika, uisakinishe, kisha uyachape upya kwa Unicode, ukianza na orodha fupi ya maneno unayoyajua tayari ili uone kama kila herufi imekaa mahali pake.